Massey au Ford? Kabla hujakitoa kiinua mgongo chako

Mvua zinapokaribia, katika miji yetu huanza biashara moja isiyoandikwa sana magazetini. Mtumishi aliyestaafu, au mfanyakazi mwenye shamba lake Kilosa, Handeni au Kiteto, anapokea fedha zake na kwenda kutafuta trekta la mtumba. Jipya halimudu. Anachotaka ni trekta litakalolima shamba lake, kisha liwalimie majirani kwa malipo, na msimu ukiisha libebe magunia kwa tela. Hesabu hiyo si mbaya hata kidogo. Ubaya huanzia uwanjani, mbele ya matrekta mawili yaliyopakwa rangi nyekundu jana yake, pale muuzaji anaposema: "Mzee wangu, haya ni mamoja tu, tofauti ni namba."

Si mamoja. Juma hili nataka tuzizungumze namba hizo, kwa sababu kuna watu wanaotoa fedha za miaka thelathini ya kazi kwa kuangalia kibandiko kilichobandikwa kwenye boneti, na kibandiko ni kitu ambacho fundi yeyote wa rangi anaweza kukichapisha kwa asubuhi moja.

Tuanze na Massey Ferguson, maana ndilo trekta ambalo kwa Watanzania wengi jina lake limekuwa kama jina la trekta lenyewe. Matrekta ya Massey ya zamani yanayoletwa kwetu kutoka Uingereza ni ya vizazi vitatu. Kizazi cha kwanza ni kile cha namba za mia moja, yaani 135, 165 na ndugu zao, kilichotoka mwaka 1964 na kuendelea hadi mwaka 1975 hivi. Kizazi cha pili ni cha mia mbili: 240, 265, 290, kilichoanza katikati ya miaka ya 1970. Cha tatu ni cha mia tatu, kama vile 375 na 390, kilichoanza mwaka 1986. Kwa hiyo tarakimu ya kwanza inakuambia kizazi tu. Haikuambii nguvu. Trekta la 165 halina nguvu za farasi 165. Lina kama 60. Na 290 halikaribii hata kidogo kuwa mara mbili ya 135 kwa sababu tu namba yake ni zaidi ya mara mbili. Lina kati ya 75 na 80, wakati 135 lina kama 45.

Nguvu yenyewe inasomwa kwenye injini. Matrekta yote haya niliyoyataja yalifungwa injini za Perkins za Peterborough, Uingereza, na kampuni hiyo ilikuwa na desturi nzuri ya kuipa injini jina linalojieleza. Injini ya 4.236 ina silinda nne na ujazo wa inchi za ujazo 236, ambazo ni lita 3.9. Injini ya 3.152 ina silinda tatu na inchi 152, yaani lita 2.5. Ukishalijua hilo, muuzaji hawezi kukuzungusha. Mwambie afungue boneti, futa mafuta kwa kitambaa, usome.

Utakachokikuta kinatakiwa kiwe hiki. Kwenye 135, silinda tatu, 3.152. Kwenye 240, ambalo ndilo mdogo wake aliyelifuata katika kizazi cha mia mbili, utakuta ukoo uleule wa 3.152. Kwa hiyo aliyekuambia kwamba 240 ni kubwa kuliko 135 hakukuambia kweli. Kwa kazi ya shamba nguvu zao zinalingana. Kwenye 165 la mwanzoni utakuta 203, na kwenye lile la baadaye utakuta 212, yaani lita 3.3 na lita 3.5. Kwenye 265 unakuta 236. Kwenye 290 unakuta 248, lita 4.1. Ukikuta 290 lina injini ya 203, usigombane na mtu. Aga vizuri uondoke.

Sasa mtu ataniuliza, hizo inchi na lita zina maana gani kwangu mimi mwenye eka 30 za mahindi? Zina maana kubwa, na tuipige hesabu hapa hapa. Jembe la diski mbili linafungua upana wa kama sentimita 60. Jembe la diski tatu linafungua kama sentimita 90. Trekta likienda mwendo wa kilometa tano kwa saa, lile la diski mbili linapita mita za mraba 3,000 kwa saa, na la diski tatu linapita 4,500. Eka moja ni mita za mraba 4,047. Toa muda wa kugeuza pembeni, kusubiri dizeli, na kung'oa kisiki ambacho mwenye shamba alikuapia kwamba hakipo. Kwa siku ya saa kumi, la diski mbili litalima kama eka tano, na la diski tatu eka saba na nusu. Katika siku arobaini za msimu, la kwanza limelima eka 200 na la pili 300. Eka mia moja ndizo tofauti, zidisha mwenyewe kwa bei ya kulimisha eka huko kwako.

Lakini diski tatu hazivutwi na kila trekta. Trekta la nguvu 45, yaani 135 au 240, ni la diski mbili, na kwenye udongo mwepesi wa kichanga litazivuta vizuri likiwa linaimba. Ukilifunga diski tatu kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaonata kama ugali mbichi, litavuta kwa siku kadhaa, moshi mweusi juu, kisha utaanza safari za fundi. Diski tatu ni za 265 kwenda juu, na kwa udongo mzito nathubutu kusema ni za 290. Lile 165 liko katikati: lenye injini ya 212 linazivuta mahali udongo ulipo laini, na linashindwa pengine.

Kuna jambo la kuchekesha kidogo kuhusu 135. Watu wanashangaa kwa nini trekta dogo namna ile, lenye umri wa miaka 50 na zaidi, linauzwa bei ya kutisha. Sababu moja ni kwamba huko Uingereza limekuwa kipenzi cha wakusanyaji. Nao wengi ni wastaafu kama hawa wetu, ila wao wanalipaka rangi, wanaling'arisha na kulipeleka kwenye maonyesho siku ya Jumapili. Bei inapandishwa na mapenzi. Wewe unayekwenda nalo Handeni huna sababu ya kuyalipia mapenzi ya mzee wa Yorkshire. Kama unataka nguvu 45, tafuta 240. Ni jipya zaidi, na kwa kuwa kampuni ya Millat ya Pakistan imelitengeneza kwa miaka mingi, vipuri vyake ni rahisi kupatikana na bei yake inavumilika.

Suala la vipuri ndilo linalonifanya niwe mkali kidogo. Katika miaka ya 1980 pale Kibaha paliunganishwa matrekta ya Valmet kutoka Finland. Yalikuwa matrekta mazuri, imara, na waliowahi kuyaendesha wanayasifu mpaka leo. Lakini jiulize umeyaona mangapi yakilima siku hizi. Trekta zuri lisilo na spea ni banda la kuku la chuma. Ile injini ya Perkins 4.236, kinyume chake, haikukaa kwenye trekta peke yake. Ilifungwa kwenye jenereta, kwenye boti, kwenye malori madogo na kwenye mitambo ya kuchimbia. Kwa hiyo fundi wa Gerezani ambaye hajawahi kukanyaga shamba ameifungua mara nyingi, na gasketi yake haiagizwi ng'ambo.

Haya, tuvuke upande wa pili wa uwanja, kwenye matrekta ya buluu. Ford 5000 lilitoka wakati uleule na Massey 165, katikati ya miaka ya 1960, na kiwanda chake kilikuwa Basildon, Uingereza. Hapa pia namba moja inaficha matrekta mawili. Lile la kabla ya mwaka 1968 lina injini ya lita 3.8 na nguvu kama 65. La kuanzia mwaka 1968 hadi 1975 lina lita 4.2 na nguvu kama 75. Kibandiko ni kilekile, 5000, lakini nguvu zinatofautiana kwa farasi kumi. Mwaka 1975 lilifuatwa na 6600, ambalo lina injini hiyohiyo ya lita 4.2 na nguvu zinazozidi kidogo tu. Kwa hiyo anayekulipisha zaidi kwa 6600 akisema kwamba lina nguvu nyingi kuliko 5000 la mwaka 1973, anakuuzia umri, si nguvu. Umri nao una thamani yake, sikatai, ila uuite kwa jina lake.

Kwa kuvuta, Ford hili ni fahali. Ukiliweka 5000 la baadaye au 6600 kando ya Massey 290, diski tatu kwenye udongo mzito, hutaona tofauti ya kukufanya ugombane na mwenzako. Tofauti iko ndani, mahali ambapo macho hayafiki.

Injini hizi za Perkins silinda zake zimevishwa slivu, yaani bomba la chuma lililotiwa ndani ya bloku, ambalo halikutani na maji ya kupozea. Pistoni ikila, fundi anatoa slivu iliyochakaa, anatia nyingine na pistoni mpya, na bloku inabaki ileile. Injini ya Ford haikuvishwa kitu. Pistoni inatembea moja kwa moja kwenye chuma cha bloku yenyewe, na nyuma ya chuma hicho kuna maji. Sasa injini ya dizeli inapofanya kazi, ukuta wa silinda hutetemeka. Mtetemo huo huzalisha vipovu vidogo ndani ya maji, navyo vikipasuka hudokoa chuma punje kwa punje, mwaka baada ya mwaka, mpaka kinatoboka tundu la kupita sindano. Hapo maji yanaingia kwenye silinda na kuteremka kwenye oili. Dawa ya kuzuia ni kutia kwenye radieta maji yenye dawa yake maalumu. Sisi tunatia maji ya mtaroni. Dawa ya kutibu ni kuitoa bloku, kuipeleka kwenye karakana ya kuchonga injini, na silinda zote nne kuchongwa na kuvishwa slivu. Inawezekana, na inafanyika. Lakini si kazi ya chini ya mwembe, na haifanyiki kwa siku mbili wakati mvua inanyesha na jirani zako wanapanda.

Kwa hiyo ukinunua Ford, uchunguzi wako wa kwanza ni maji na oili. Usiende saa sita mchana kwa miadi, ukakuta trekta limeshawashwa na linanguruma kwa furaha. Nenda asubuhi bila kupiga simu. Weka kiganja kwenye injini. Iwe ya baridi. Chomoa kijiti cha oili. Ikiwa nyeupe kama maziwa yaliyochanganywa na chai, umeshajua. Ikiwa safi mno, inang'aa, nayo iulize maswali, maana kubadilisha oili ni kazi ya nusu saa. Fungua mfuniko wa radieta uangalie kama maji yamepungua, kisha washa uone kama kuna vipovu. Na kama Ford hilo ni la gia zile za Select-O-Speed, zinazobadilishwa bila kukanyaga klachi, mimi nakushauri uliache, hata kama limekaa vizuri kiasi gani. Fundi wa kuzirekebisha ni wa kutafutwa kwa tochi. Chukua la gia za kawaida, nane za mbele na mbili za nyuma.

Msidhani kwamba ninaipigia Massey debe. Massey nayo ina jambo lake, tena hili linaua watu, na ndiyo maana nitalieleza polepole.

Massey nyingi za mia moja na za mia mbili zilifungwa kitu kinachoitwa Multi-Power. Kwenye dashibodi kuna kiswichi kidogo chenye pande mbili, mwendo wa juu na mwendo wa chini. Kila gia inagawanyika mara mbili bila kukanyaga klachi, kwa hiyo gia sita zinakuwa kumi na mbili. Wakati wa kulima ni raha: ukifika mahali udongo ni mzito unapeleka swichi chini, ukipita unaipandisha. Muuzaji ataisifu, na ana haki. Asichokuambia, pengine kwa kuwa naye hajui, ni kwamba swichi ikiwa upande wa chini, injini hailishiki trekta kwenye mteremko. Dereva wa lori amezoea kwamba akiingia gia ndogo, injini itamsaidia kuzuia. Kwenye Massey yenye Multi-Power iliyo upande wa chini, trekta linaserereka kana kwamba liko nyutro. Weka tela lenye tani tatu za mahindi nyuma yake kwenye mteremko wa Lushoto au Uporoto, na dereva ambaye anaamini kwamba chini ndiko kwenye usalama, na breki zilizopitwa na wakati. Sihitaji kuendelea.

Kanuni yake ni hii: kabla ya kuteremka, ingia gia ndogo, lakini swichi iwe upande wa juu. Upande huo injini inashika. Unashika kwa shinikizo la oili, kwa hiyo kwenye trekta lililochakaa, ambalo shinikizo lake limeshuka, hata huo wa juu hauaminiki. Na kwa sababu hiyohiyo, injini ikizimwa hakuna shinikizo, na trekta lililoachwa kwenye gia linaweza kuondoka lenyewe. Breki ya mkono lazima iwe nzima, na jiwe chini ya tairi si ushamba. Unapolijaribu trekta hilo, tafuta mwinuko, panda ukiwa na tela au jembe, na upeleke swichi juu. Likisita, likapiga kelele, likateleza kabla ya kushika, ujue klachi ya ndani imekwisha, na kuifikia ni lazima trekta likatwe katikati. Yapo matrekta mengi ya aina hizohizo yasiyo na Multi-Power. Kwa mtu anayekaa milimani, mimi ningeliona hilo ndilo lenye bahati.

Yanayobaki yanahusu aina zote, nitayapitia haraka. Mita ya saa usiisome; trekta la miaka 40 linaloonyesha saa 2,000 limebadilishiwa mita au mita imekufa. Soma pedali ya klachi, ilivyolika. Soma tundu la pini ya kufungia tela, kama bado ni duara au limekuwa yai. Shika gurudumu la mbele ulitikise. Inua jembe, subiri oili ipate moto, zima injini uone jembe linashuka kwa kasi gani. Likidondoka papo hapo, haidroliki imechoka. Moshi wa buluu ni oili inaungua. Na tairi, jamani, tairi. Matrekta mengi kutoka Uingereza huja na tairi ndefu nyembamba, za rimu ya inchi 36 au 38, na wengi wao huko walizijaza maji yenye chumvi ili kuongeza uzito. Chumvi hiyo inakula rimu kutoka ndani. Kabla ya kulipa, ingia madukani uulize kama tairi ya ukubwa ule inapatikana na ni shilingi ngapi, kwa maana tairi mbili za nyuma zinaweza kukufanya uone kwamba lile trekta la ghali la pembeni ndilo lilikuwa rahisi.

Namba ya kibati nayo ilingane na ya kwenye karatasi. Hapa hakuna mjadala.

Mkinibana niseme ningenunua lipi, kwa mtu wa Morogoro au Kiteto mwenye nia ya kulimisha, ningeanza kutafuta 290, na nikilikosa, 265 yenye 4.236. Ningelichukua 6600 kama bloku yake imeshavishwa slivu na anayeuza ana karatasi za karakana, kwa sababu basi ule ugonjwa umeshatibiwa. Lile 165 ningelichukua kwa bei iliyo chini kabisa ya 265, si kwa bei iliyo jirani nayo. Na 135 ningemwachia yule mzee wa Yorkshire.

Jambo la mwisho linahusu pampu ya dizeli. Massey hizi zina pampu ya CAV ya kuzunguka, na ikichakaa ina tabia moja: asubuhi trekta linawaka vizuri, mchana likiwa la moto linakataa. Ndiyo maana wauzaji wengine hawapendi kulizima mbele ya mteja. Mchukue dereva atakayeliendesha, awe pamoja nawe siku hiyo, afanye nalo kazi saa nzima kwenye jua, kisha mwambie azime. Kunyweni soda. Baada ya dakika kumi awashe tena. Na kama mwenye uwanja atasema lisizimwe kwa sababu betri ni dhaifu, mwambie alete betri nyingine, ninyi mtasubiri.